Kulwa Anasema Doto Amekufa

Amri ilishaandikwa kwenye skrini. Kilichobaki ni kubonyeza Enter.

Ilikuwa Jumamosi, saa tano kasoro asubuhi, chumbani kwangu pa kazi Sinza, feni ikizungusha joto lilelile la Februari. Nyuma yangu, kwenye kiti cha plastiki, alikaa mama mmoja aliyetoka Mbagala kufuata video ya kicheni pati ya binti yake. Alishapanda magari mawili, alishamaliza soda, na alishaacha kuniuliza maswali. Mteja akinyamaza mimi huogopa kuliko akifoka.

Simu ikaita. Mpwa wangu. Nikaiacha. Ikaita tena.

"Mjomba, bi harusi wa jana anaomba picha tatu tu, aweke stetasi."

Jana.

Sendofu ya jana usiku. Nilikuwa nimeihamisha kutoka kwenye kadi asubuhi ileile, kwa mkono wangu mwenyewe, na kadi nikaifomati. Nikaitafuta kwenye folda. Haikuwepo. Nikatazama tena ile amri niliyoiandika, safari hii taratibu, neno kwa neno, na tumbo likanikata. Sendofu ilikuwa imebaki sehemu moja tu, na ndiyo hiyo niliyokuwa naenda kuifuta, tena kwa furaha, kwa sababu dakika tano kabla nilidhani nimeshapona.

Nikafuta herufi moja moja mpaka mstari ukabaki mtupu.

Hii ni wiki ya sita tangu siku ile. Kazi zote ziko salama, hakuna mteja aliyepoteza hata picha moja. Lakini nikilala najiona nimenyoosha kidole juu ya Enter, na ninajua kwamba akili yangu haikuniokoa. Niliokolewa na stetasi.

## Folda iliyoishia Oktoba

Wanaonifuata siku nyingi wanaijua mashine yangu. Kompyuta ya mezani, SSD ndogo yenye mfumo wa Ubuntu, aina ya Linux, na diski mbili za terabaiti mbili nilizozifunga kwa RAID 1, kila kinachoandikwa huku kinaandikwa na kule. Wenzangu wa video hunicheka kwa kuhariri na Kdenlive, na mimi huwacheka wanapolia virusi. Tumezoeana.

Nisichowahi kukiri ni kwamba maneno "diski mbili" nilikuwa nayauza. Mteja akisita kwenye bei namwambia, "Mama, kazi yako inakaa kwenye diski mbili, moja ikifa nyingine ipo." Mama wa Mbagala naye nilimwambia hivyohivyo. Akatoa hela bila kuomba punguzo.

Asubuhi ile mashine iliwaka kivivu. Ilisimama kama nusu dakika ikiwaza, nikalaumu joto. Leo najua ile nusu dakika ilikuwa nini. Programu ya mdadm, inayoziunganisha diski mbili kuwa kundi moja, ilikuwa inasubiri diski ya pili ijitokeze. Inasubiri sekunde 30, ikiona kimya inaanza na iliyopo. Haipigi kengele wala haiulizi mtu. Folda inafunguka kama siku zote.

Nikamimina sendofu, kama gigabaiti 60. Nikafomati kadi. Mpwa akaichukua pamoja na kamera akaenda Kigamboni kupiga kipaimara, kwa hiyo kufikia saa nne kadi ilikuwa inaandikwa juu yake picha za watoto wenye mashati meupe. Mama akafika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimefuata mzigo wangu."

Nikafungua kazi za Januari.

Hakuna Januari.

Hakuna Desemba. Hakuna Novemba. Folda ya mwisho ilikuwa ya katikati ya Oktoba, harusi ya watu wa Tabata, na ndani yake video ilikuwa nusu, ilhali nakumbuka niliimaliza, nikaikabidhi, na hela yake nikala. Kuona kazi uliyoimaliza imerudi kuwa nusu kunatisha kuliko kuikosa kabisa. Nikawaza virusi. Nikawaza mpwa kafuta. Nikawaza na mambo mengine ambayo mtu mzima hayaandiki.

Kisha nikakumbuka kuwa Ijumaa jioni mpwa alifungua kasha la kompyuta akapuliza vumbi kwa blowa. Nikazima, nikafungua, nikakuta plagi ya umeme ya diski moja imelegea, imening'inia kama jino la mtoto. Nikaisukuma mpaka ikakaa. Nikawasha.

Januari ikarudi, na Desemba yake. Mama akasema Alhamdulillah, na mimi nikasema Alhamdulillah. Nikachungulia hali ya diski kwenye /proc/mdstat, ikaniandikia [U_] badala ya [UU], maana yake mmoja yupo, mwenzake hayumo. Nikasema hilo dogo, namrudisha kundini sasa hivi. Ndipo nikaandika ile amri.

## Kulwa na Doto

Naomba niwape majina, maana herufi zitatupoteza. Diski ya kwanza ni Kulwa, ya pili ni Doto.

Herufi zenyewe ni mtego. Linux hugawa sdb na sdc kwa kufuata nani kaonekana mwanzo. Kulwa ndiye sdb siku zote. Jumamosi ile Kulwa hakuonekana, basi Doto akaitwa sdb. Mdogo alikalia kiti cha mkubwa na akaitika jina lake. Kama ungefuata maelezo ya mtandaoni neno kwa neno, yale ya "fanya hivi kwenye sdb", ungeweza kumchinja asiye mwenyewe. Siku hizi nawatambua kwa siriali namba iliyochapwa kwenye lebo, na nimebandika mkanda wa karatasi juu ya kila mmoja nikaandika jina kwa kalamu ya wino.

Kilichotokea nilikuja kukiunganisha baadaye, kipande kwa kipande.

Mwezi Oktoba, Doto alidondoka kundini. Ugonjwa haukuwa wake, ulikuwa wa waya wake wa data. Kulwa akaendelea kubeba mzigo peke yake, miezi minne, wala sikujua. Ijumaa ile blowa na mikono ya mpwa vikaurudisha waya wa Doto mahali pake na, kwa mkupuo huohuo, vikalegeza umeme wa Kulwa. Jumamosi Doto akaamka. Kwake bado ni Oktoba. Hajui habari za Krismasi wala mwaka mpya. Akamtafuta ndugu yake, hakumwona, akaandika kwenye kumbukumbu zake kwamba ndugu yake hayupo tena, akaanza kazi. Na mimi nikampa sendofu.

Kila diski ya mdadm hubeba karibu na mwanzo wake kijisehemu cha kumbukumbu: yeye ni wa kundi gani, wenzake ni akina nani, na nani yuko hai. Amri ya mdadm --examine hukisoma bila kuandika chochote. Nilipokuja kukisoma, mstari wa hali kwa Kulwa ulikuwa hivi:

A.

Na kwa Doto ulikuwa hivi:

.A

A ni aliye hai. Nukta ni asiyekuwepo. Kulwa anasema Doto amekufa. Doto anasema Kulwa amekufa. Na wote wawili wako mezani kwangu wanazunguka.

Nikatafuta shahidi mwingine. Kuna hesabu ya matukio, ambayo hupanda kadiri kundi linavyofanya kazi. Kulwa alikuwa na 48,211, Doto 19,640. Mashine iliwatazama hawa wawili, ikamwamini mwenye namba kubwa, ndiyo maana niliposukuma plagi Januari ikarudi. Kuna pia saa ya mwisho ya kuguswa, na hapo nikajikuta mimi ndiye niliyevuruga ushahidi, kwa sababu nilishawawasha wote wawili siku ileile. Zote zilisema Jumamosi asubuhi. Saa haikunisaidia kitu. Namba nayo ilikuwa kweli, ila kweli nusu: Kulwa alikuwa amefanya kazi nyingi zaidi, lakini wingi wa kazi zake haukuwa na sendofu ndani yake.

Hapo nilikaa muda mrefu. Miaka yote nilidhani diski pacha ni kama mashahidi wawili, mmoja akikosea mwingine anamsahihisha. Sivyo inavyofanya kazi. Mashine inaweza kujua kwamba wawili hawa wametofautiana. Ukweli uko kwa nani, haijui. Hata ukiiamuru irekebishe tofauti, kwenye RAID 1 inachukua ya mmoja inambandika mwenzake, basi. Hakimu hayupo. Hakimu ni mimi, na mimi nilikuwa na jasho na mteja nyuma yangu.

Mwaka 1988 David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley walipozipanga mbinu hizi kwa madaraja na kuzipa jina la RAID, diski kioo, yaani pacha zinazoandikwa sawa kama zangu, ikiwa daraja la kwanza, walikuwa wanalijibu swali la diski kufa. Langu lilikuwa swali la diski kufufuka.

Nikijenga kutoka kwa Kulwa, sendofu imekwenda. Nikijenga kutoka kwa Doto, miezi minne imekwenda.

## Zima

Nilimpigia fundi wangu wa Kariakoo. Mimi naongea haraka, yeye anatafuna kitu.

"Mashine inawaka sasa hivi?"

"Inawaka."

"Zima. Halafu uje tuongee."

"Kaka, nina mteja hapa..."

"Diski hazikimbii kaka. Unayekimbia ni wewe. Zima."

Nikazima. Mama nikamwambia ukweli, na alichonijibu nitakisema mbele.

Fundi ana kibanda kwenye korido moja nyuma ya mtaa wa Msimbazi, meza moja, feni moja, na rundo la maiti za laptopu. Hakugusa diski zangu. Alichukua karatasi akachora visanduku viwili, akaniuliza kila kimoja kina nini ambacho mwenzake hana. Nikaandika. Kisha akachora visanduku vingine viwili, vitupu, akasema hivi ndivyo unavyokwenda kununua. "Ukiwa na viwili hivi tu, kila unachofanya ni kamari. Pata pa tatu kwanza."

Nilitaka kubishana. Diski mpya ni laki mbili na ushee kila moja, na hela ya Februari mnaijua. Niliona kwamba naombwa nilipe laki nne na zaidi kwa kosa la waya wa elfu tano. Lakini nikatazama kile karatasi. Nikaenda.

Duka la kwanza nikapewa diski ndani ya nailoni. "Mpya kabisa boss, haijaguswa." Nikaomba tuichomeke palepale, nikaendesha smartctl, programu ya kupima afya ya diski, na mstari wa saa ilizowaka ukasoma 31,407. Zaidi ya miaka mitatu na nusu usiku na mchana. Nikamwonyesha muuzaji. Akatazama, akatikisa kichwa polepole kama mganga, akasema, "Hizi za Dubai zinakujaga hivyohivyo."

Nikanunua mbili mjini, kwa bei ya juu, na risiti ya EFD mkononi. Hapo pia niliuliza swali lililomfanya kijana wa dukani aite bosi wake: inaandika kawaida, au inapanga mistari kwa kulaliana kama vigae vya paa? Diski za aina ya vigae ni rahisi kutengeneza ikiwa kubwa, lakini ukiiandikia kwa mfululizo saa nyingi, kama inavyokuwa wakati wa kujenga upya, inaweza kuchoka na kukawia vibaya. Mwaka 2020 ilibainika kwamba watengenezaji wakubwa walikuwa wanauza baadhi ya diski hizo bila kusema. Bosi alikuja na karatasi ya mtengenezaji. Namheshimu mpaka leo.

Pia nilihakikisha ukubwa. "2TB" ya lebo haitoshi, nilihesabu sekta, vile vipande vidogo ambavyo diski imegawanywa: 3,907,029,168, sawasawa na za zamani. Ikipungua hata moja chini ya nafasi ambayo kundi limejipimia, mdadm inaweza kukataa kuipokea, na utabaki umeshika diski mpya kama mtu aliyeshika tiketi ya basi lililoondoka.

Usiku ule zote mbili nikazilaza kwenye kipimo kirefu cha smartctl. Uzoefu unasema zinazokufa zikiwa changa hufa mapema, bora zife zikiwa tupu.

## Faili la Agosti

Jumapili nikaanza kunakili, nikiwa na kanuni moja tu: Kulwa na Doto wasikutane. Kwa kuwa ni pacha wana kitambulisho kimoja, ukiwachomeka pamoja mfumo unaweza kuwachanganya au kuamua wenyewe nani abaki. Kwa hiyo mmoja mezani, mwingine kabatini, amechomolewa kabisa.

Kulwa wa kwanza. Nikamfungua kwa kusoma tu. Hapa pana kitu kilichonishangaza: hata ukifungua ext4, mfumo wa Linux wa kupanga faili, kwa kusoma tu, ikiwa haikufungwa vizuri mfumo unaweza kwanza kuandika mambo yaliyobaki kwenye jarida lake. Kusoma tu si kusoma tu. Nikaanzisha kundi lenyewe kwa hali ya kusoma, na faili nikazifungua kwa chaguo la noload, ili asiandikiwe hata herufi. Rsync, programu ya kunakili, ikaanza kumimina kwenye diski mpya ya kwanza. Terabaiti moja na pointi tatu. Nikapika chai.

Saa ya pili ikagoma.

Faili moja la mwezi Agosti, kicheni pati ya Kimara, katikati yake halisomeki. Rsync ikarukia lingine, ikaendelea, ikamaliza, ikaniachia jina la hilo moja. Nikampima Kulwa. Sekta zinazosubiri uamuzi: 8. Kwa diski za siku hizi nane hizo ni kipande kimoja halisi cha baiti 4,096. Kidogo kuliko picha ya paspoti.

Kwa hiyo mgonjwa alikuwa Kulwa. Yule niliyemwamini, mwenye hesabu kubwa, aliyenirudishia Januari.

Nikamrudisha kabatini, nikamtoa Doto. Sekta mbovu sifuri, zinazosubiri sifuri. Kilichojaa kwake ni makosa ya usafirishaji wa data, 1,942, na hayo ni alama ya waya mara nyingi kuliko alama ya diski. Namba hiyo haishuki hata ukibadilisha waya, unachotazama ni kama imeacha kupanda. Nikatoa sendofu ya Ijumaa. Kisha nikafungua Agosti, maana Agosti ni kabla ya Oktoba, wakati bado walikuwa wanaongea.

Kicheni pati ya Kimara ilikuwepo, nzima, mpaka shangazi anayecheza mwishoni na sufuria kichwani.

Nilikaa chini sakafuni. Amri ile ya Jumamosi ingemlazimisha Kulwa kusomwa kichwa mpaka mkia, kazi nzito kuliko zote anazoweza kupewa diski mgonjwa. Angefika pale Agosti akwame. Na mwenye Agosti nzima angekuwa ndiye huyohuyo anayefutwa. Au pengine isingefika huko, ikawa mbaya zaidi: kundi langu lina ramani ndogo, bitmapu, inayokumbuka sehemu zilizobadilika ili wakati wa kumrudisha mmoja ziandikwe hizo tu. Ramani ya Kulwa haikujua kwamba Doto aliandikiwa sendofu. Ningeweza kupata diski mbili zinazosema ni pacha, huku ndani zimeshonwa viraka vya siku mbili tofauti.

Nikalinganisha faili zote za kabla ya Oktoba kwa alama za sha256, ambazo ni kama alama za vidole za faili, za Kulwa kwa za Doto. Zote zilifanana isipokuwa hiyo moja. Ilichukua usiku kucha, na ndio usiku wa kwanza nililala wiki ile.

## Barua kwa root

Jumatatu nikaanza kuuliza swali la mama.

Nimeshasema nilimwambia ukweli Jumamosi. Nilimweleza kwa lugha nyepesi: diski mbili, moja iliacha kazi Oktoba, leo zimechanganyana, naomba hadi Jumatano. Nilitegemea hasira. Alijifunga mtandio vizuri, akachukua pochi yake, akaniuliza kwa upole kabisa:

"Tangu Oktoba hujaitazama?"

Tangu Oktoba.

Nilikuwa na jibu, kwamba haikuniambia. Ndipo Jumatatu nikaenda kutafuta kama kweli haikuniambia. Kwenye sanduku la barua la ndani ya mashine, lile la root, mtumiaji mkuu wa mfumo, ambalo sijawahi kulifungua tangu nisimike Ubuntu, nilikuta barua 126. Ya kwanza ya Oktoba, saa tatu usiku: diski imeanguka. Zinazofuata, karibu kila nilipowasha: kundi limepungukiwa. Mia moja na ishirini na sita. Ilikuwa inaniandikia kila siku, kwa adabu, kwenye anwani isiyo na mtu.

Na ukaguzi wa mwezi? Kwenye toleo ninalotumia umepangwa Jumapili ya kwanza ya mwezi, saa saba kasoro dakika tatu usiku. Saa hizo mashine yangu imezimwa siku zote, kubana umeme wa LUKU. Haujawahi kufanyika hata mara moja.

Hili ndilo linalonikera kuliko plagi na waya. Nilinunua diski ya pili ili nisiwe na wasiwasi, na ikafanya kazi yake vizuri mno: sikuwa na wasiwasi. Yule jirani yangu mwenye diski moja anahamisha kazi zake kwenye nyingine ya nje kila Ijumaa kwa sababu anaogopa. Nilimcheka. Kumbe yeye alikuwa na bakapu na mimi nilikuwa na kioo. Ningefuta faili kwa bahati mbaya, lingefutika kote kuwili kwa sekunde ileile. Umeme ungerudi kwa kishindo, ungezipiga zote zikiwa kwenye kasha moja. Bakapu pekee niliyokuwa nayo kwa miezi minne ilikuwa Doto aliyekufa Oktoba, na hiyo niliipata kwa ajali.

Mtaniambia niweke mawinguni. Video ya sherehe moja ni gigabaiti 60, hesabuni bando wenyewe. Na Mei 2024, nyaya za chini ya bahari zilipokatika, tulikaa tukitazama kiduara kinazunguka. Za muhimu nitapandisha. Nyingine zitakaa kwa dada yangu Tabata, kwenye diski ndani ya bati la biskuti.

## Kiti kitupu

Jumanne jioni kila kitu kilikuwa sehemu mbili au zaidi. Diski mpya ya nje ilikuwa na zote. Kulwa mgonjwa alikuwa na zake, Doto alikuwa na zake, hawajaguswa.

Fundi alikuja Sinza, safari hii kwa chai na chapati. Alinionyesha jambo ambalo sikulijua: unaweza kuunda kundi la wawili ukiwa na mmoja. Mahali pa diski ya pili unaandika neno missing, na mdadm inakubali kuacha kiti kitupu. Tukaunda kundi jipya na diski mpya ya pili peke yake. Kulwa mpya. Tukarudisha faili zote kutoka ya nje, tukalinganisha alama upya. Mpaka hapo Doto wa zamani bado alikuwa na Oktoba yake ndani, kwa hiyo kama tungekosea popote, pa kurudi palikuwepo.

Waya mpya wa data, ule wa SATA. Kisha tukafuta kumbukumbu za undugu za Doto, ili arudi kama mgeni na aandikwe mwanzo hadi mwisho, bila ramani ya zamani. Kabla ya kufuta nilisoma siriali namba kwa sauti, fundi akaisoma kwenye lebo, kama watu wanaotoa dawa wodini.

Nikaandika amri ileile. Mdadm, jina la kundi, add, jina la diski. Safari hii jina lilikuwa refu, lenye siriali ndani yake, si herufi tatu.

"Haya," fundi akasema.

Nikabonyeza.

Mstari ukaanza kujaa alama za sawasawa, asilimia 0.1, 0.2. Makisio saa nne na dakika arobaini. Kwenye asilimia 61 umeme ukakatika, mtaa mzima ukaguna kwa pamoja kama kawaida. UPS, betri yangu ya akiba, ikaanza kulia. Inanipa dakika kumi na mbili. Zamani ningekaa nikiombea urudi, safari hii nikazima mashine kwa utaratibu, tukakaa gizani tukimalizia chapati. Uliporudi nikawasha, na ikaendelea kutoka 61. Inaweka alama ilipofikia, ikizimwa vizuri.

Saa nane usiku: [UU].

Jumatano mama alikuja. Nikampa flashi yake na nyingine ya ziada bila malipo. Akaniuliza kama nimeitazama leo. Nikamwambia nimeitazama.

Kulwa wa zamani yuko kwenye droo. Mpwa anamtaka aweke muvi, nimemkatalia.

Wiki iliyopita nilimaliza sehemu iliyobaki. Ukaguzi wa mwezi nimeuhamishia saa tano asubuhi. Barua za root sasa zinageuzwa ujumbe na kwenda kwenye simu mbili, yangu na ya mpwa. Kuna njia ya kutuma ujumbe wa majaribio, nikautuma, ukafika. Haukuniridhisha. Ujumbe wa majaribio unafika siku zote. Basi Jumapili, bakapu ikiwa Tabata na mpwa ametoka kununua vocha, nikaandika amri ya kumtangaza Doto amefeli, mzima hivyohivyo, bila kumwambia mtu.

Simu yangu ilikuwa kwenye chaji chumba cha pili. Nikasubiri nikitazama mlango.

Akaingia mbio, vocha mkononi, kandambili moja imebaki nje.

"Mjomba! Doto ameanguka!"